Shangazi na Mashine Iliyonyeshewa

Mwezi uliopita nilienda mtaa wa Kaloleni, Nairobi, kumjulia hali jirani wetu wa zamani. Nikapitia kwenye nyumba tuliyokuwa tukikaa, nikakuta chumba cha mbele kimekuwa duka la kutengeneza simu. Fundi alikuwa ameinamia kazi yake, anachomelea waya. Ule moshi wa risasi ya kuchomelea uliponifika puani, rafiki yangu, nilisimama mlangoni kama niliyesahau kilichonileta.

Chumba kile kilikuwa cha shangazi yangu. Nililetwa kwake kutoka kwetu magharibi, bado mtoto wa kike mwenye mapengo ya meno, ili nisome Nairobi. Mumewe alifanya kazi ya reli, na mle ndani alikuwa ameweka mashine ya pinboli aliyoipata kwenye baa iliyofungwa. Kama hukuwahi kuiona, ni kabati refu la miguu minne lenye kioo juu. Chini ya kioo, gololi ya chuma inakimbia huku na huku ikigonga kengele. Unatia sarafu, unabonyeza vitufe vya ubavuni, na mikono miwili midogo inairusha gololi juu isije ikatumbukia. Shule zikitoka, watoto walijaa mpaka barazani. Kelele zao zilichanganyika na kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi katika ukumbi wa mtaa, na mandazi ya mama wa nyumba ya pili yalinukia kote.

Kisha mume wa shangazi akafariki. Tulimpeleka nyumbani kumzika, na huko, watu wakiwa bado wamekaa chini ya turubai, ndugu wa marehemu alisimama akatangaza kwamba shule zikifungwa atakuja Nairobi kumchukua shemeji yake arudi kijijini, kwenye boma la mumewe. Wazee wakaitikia. Shangazi alitazama mikono yake, hakusema neno. Mimi nilielewa vizuri sana: akirudi yeye, nami narudi, na masomo yangu yameishia hapo.

Tuliporudi Kaloleni tulikuta kigae cha paa kimepasuka na mvua imeingia moja kwa moja ndani ya mashine. Mbao zilikuwa zimevimba. Shangazi aliichomeka kwenye umeme, ikatoa cheche moja na harufu mbaya, ikazima. Muuza vyuma chakavu alikuwa mlangoni siku hiyohiyo.

"Mama, hii niachie. Imekufa."

"Haijafa. Imenyeshewa," shangazi akamjibu, akafunga mlango.

Bila mshahara wa reli, sarafu za mashine ile ndizo pekee zingetubakisha Nairobi. Hakuwa fundi. Alikuwa amemshikia mumewe taa alipokuwa akiitengeneza, basi. Lakini alikuwa na msemo wake: kilichofungwa na mtu, mtu atakifungua. Tulikitoa kile kioo, tukasafisha kutu kwa msasa, tukafuta kila waya kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Vipande vilivyolowa tulivianika juani, pamoja na mboga za kukausha. Mikanda ya mpira iliyokuwa imeoza tulibadilisha kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Jioni nilikuwa nikisonga ugali huku kucha zangu zikiwa nyeusi, na mwalimu alinichapa kwa uchafu mara mbili bila kuuliza.

Kilichotushinda ni koili ya ule mkono mdogo wa kulia, waya mwembamba uliozungushwa kama uzi kwenye kibiringo. Ilikuwa imeungua. Shangazi akanunua waya soko la Gikomba, akazungusha upya. Tulipowasha, moshi ukatoka tena. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, nikamwona kwa mara ya kwanza tangu mazishi akilia.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu ufundi wa umeme, alisikia. Akaja, akaitazama koili.

"Ulihesabu mizunguko?"

"Sikuhesabu, mzee."

"Basi chukua koili ya mkono wa kushoto, ifungue huku ukihesabu. Zote mbili ni sawa."

Hiyo ndiyo koili pekee iliyokuwa bado nzima. Kuifungua kulikuwa ni kuhatarisha mkono uliobaki. Shangazi aliiangalia kwa muda mrefu, akaing'oa. Yeye akafungua, mimi nikahesabu kwa sauti, nikiogopa hata kukohoa. Kisha tukazizungusha zote mbili upya. Alipowasha, kengele zililia zote kwa pamoja, na mama wa mandazi akaja mbio akidhani kuna moto.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Sarafu mpya zilikuwa zimetoka na tundu la mashine lilizikataa. Shangazi alilichonga kwa tupa mpaka zikapita. Halafu akabadilisha balbu zote akaweka za rangi, jambo ambalo mumewe alikuwa akiliahirisha siku zote.

Shule zikafungwa. Shemeji akaja Jumamosi mchana, na koti lake la safari.

"Mizigo iko wapi?"

"Karibu chai, shemeji. Mizigo haipo."

"Haipo vipi? Tulikubaliana."

"Mlikubaliana ninyi. Mimi nilinyamaza."

Alitazama watoto waliojazana. "Utalea mtoto wa watu kwa mchezo huu?"

Kabla hajajibiwa, mkono wa kulia wa mashine ulikwama. Watoto wakaguna, "Ah, mathe, imegoma!" Shangazi alichukua bisibisi, akainua kioo, akakaza skrubu moja, akarudisha kioo. Gololi ikaruka. Shemeji alikuwa amesogea karibu bila kujijua. Alikunywa chai yake akiwa amesimama, akaomba kujaribu, akapoteza gololi zote.

Akiondoka alisema, "Nitawaambia umekataa."

"Waambie nina kazi."

Nilimaliza shule nikiwa Kaloleni. Baadaye michezo ya televisheni ilifika mtaani, kisha ya simu, na watoto wakapungua mmoja mmoja. Shangazi aliifungua mashine mwenyewe, akauza vipande. Siku hizi kila mtoto anainamia kioo chake peke yake, na hakuna anayemsukuma mwenzake bega akidai zamu yake. Hilo ndilo ninalolikosa, pamoja na yule mwanamke aliyejifunga leso juu ya gauni la maombolezo na kushika bisibisi. Alirudi kijijini akiwa mzee. Siku ya kusafiri aliichagua yeye.