Kamba ya Nguo ya Yerusalemu

Binti yangu anapika gundi ya unga wa ngano kwa kazi ya shule, na harufu yake imenirudisha kwenye chumba chetu cha utotoni, mtaa wa Laini Saba. Kila Krismasi ilipokaribia, mama alikoroga gundi kama hiyo, tukabandika magazeti na kalenda kuukuu kwenye ukuta wa udongo, maana vumbi lilikuwa likidondoka hadi ndani ya sufuria.

Mwaka mmoja alipata kalenda yenye picha ya Yerusalemu. Mimi nilijua mji huo uko mbinguni. Kanisani ndivyo tulivyoimba. Mama aliipapasa picha ishike vizuri, halafu akaangua kicheko.

"Kuja uone! Kuna nguo zimeanikwa."

Kweli, juu ya kuta za mawe za kale kulikuwa na kamba, na gauni la buluu.

"Kwani watu wanaishi huko?"

"Wanaishi, na kuna mama anawafulia." Yeye mwenyewe alifulia watu kutwa, vidole vikachubuka. "Siku moja nitaenda nimsalimie huyo."

Siku hizi mji huo ukionyeshwa kwenye televisheni, wanangu hutazama kuba la dhahabu. Mimi huitafuta ile kamba.