Mama Simu, mpimaji wa seva za ujumbe

Saa tatu asubuhi, ofisi ina watu wawili tu. Lakini ndani ya kompyuta ya Mama Simu, watu elfu ishirini wanaandikiana ujumbe kwa mpigo.

Hakuna hata mmoja wao aliye hai. Ni watumiaji bandia, waliotengenezwa ili kupima nguvu za seva, ile mashine inayopokea ujumbe na kuufikisha papo hapo.

"Ongeza," anamwambia fundi mwenzake. "Bado inapumua."

Wanapofika elfu arobaini, ujumbe uliokuwa ukifika kufumba na kufumbua unaanza kusuasua. Mama Simu anaguna. "Hapo imeelemewa. Wakija wa kweli, tumeumbuka."

Na wa kweli wanakuja. Wiki ijayo hospitali kadhaa zitaanza kutumia huduma hii kuita madaktari na kuarifu ndugu wa wagonjwa.

Jina la utani la Mama Simu alilipata akiwa msichana, kwenye ubao wa simu wa posta, akiunganisha wapigaji kwa kuchomeka waya kwenye matundu, na kuwaambia dakika zao tatu zikiisha.

"Tulikuwa wanne. Mtu nilimjua kwa kikohozi chake," anakumbuka. "Mzee mmoja hata namba hataji. 'Binti, nipatie mke wangu.' Nami najua leo yuko kwa dada yake!" Anacheka hadi anavua miwani. "Hawa wa kompyuta hawakohoi."

Kisha sauti inashuka. Siku moja matokeo ya mitihani yalitangazwa, na taa zote za ubao zikawaka pamoja. Waya ziliisha. Miongoni mwa waliosubiri laini alikuwa dada yake, akitaka kumwambia kuwa baba yao yu taabani.

Dada aliipata laini jioni. "Akaniuliza, 'Mdogo wangu, ulikuwa wapi?' Nilikuwa pale pale, mbele ya ubao. Baba alikuwa ameshakwenda."

Anafuta miwani taratibu. "Simlaumu mtu. Ila hakuna aliyewahi kujiuliza: wakipiga wote kwa pamoja, itakuwaje?"

Posta ilipouzima ubao, alijifunza kompyuta darasani na vijana wa umri wa wanawe. Swali lile likawa kazi yake.

Mchana anampelekea mkuu wake majibu ya kipimo. Mkuu anajikuna kichwa. "Shangazi, siku ya uzinduzi tumeshaitangaza."

"Tangazo hurudiwa, mwanangu. Mgonjwa harudiwi."

Mkuu anavuta kiti, wanarudia kipimo pamoja. Uzinduzi ukasogezwa mbele, seva mbili zikaongezwa, na umati bandia ukapita bila kukwama.

Mwezi uliofuata ajali kubwa ilijaza wodi ndani ya saa moja. Madaktari waliitwa, ndugu wakaarifiwa, na ujumbe haukukwama. Mama Simu alizipata habari hizo akiwa sokoni, akakaa juu ya gunia la mtu na kulia.

Mwakani anastaafu. Amekwishawatafuta wenzake wa posta waliobaki, akawaalika nyumbani kwake.

"Nataka tukae kutwa nzima, tuongee tu," anasema, "na asitokee mtu wa kutuambia dakika tatu zimekwisha."