Bilauri ya Sita ya Bi Argia

Miaka thelathini na moja Nives alikaa chumba cha nyuma, kwenye jiwe la kusagia, akilainisha vitako vya bilauri walizopuliza wanaume. Murano, kisiwa cha wapuliza kioo karibu na Venisi, mwanamke hapulizi kioo. Ndivyo alivyosema baba yao, na kaka yake Ermes akairithi kauli hiyo pamoja na tanuru.

Mwezi Machi Ermes alianguka ngazini akavunjika bega. Msaidizi wake akahamia karakana nyingine. Wakakubaliana kwamba Ijumaa tanuru lizimwe.

Jumatano akashuka gatini Bi Argia, ajuza wa mji wa Chioggia, amekumbatia sanduku. Ndani mlikuwa na bilauri tano za arusi yake. Ya sita ilivunjika, na mjukuu wake anaolewa Juni.

"Marehemu baba yenu ndiye aliyezipuliza," alisema.

"Mama, nisamehe," Ermes akajibu. "Bega limekufa."

Nives aliichukua moja, akaizungusha kwenye mwanga wa dirisha. "Nitapuliza mimi."

Ermes akacheka. "Wewe? Jiwe limekuchosha?"

"Wewe unaziachia zingali moto. Mimi ndiye ninayejua zilivyo nene chini na nyembamba juu. Keti hapo, toa maneno. Mikono nitatoa mimi."

"Mwache ajaribu, mwanangu," alisema Bi Argia. "Pumzi anazo, nimemsikia anavyobishana."

Ya kwanza ilidondoka kutoka kwenye bomba la kupulizia ikatapakaa sakafuni. Ya pili ilikaa upande kama mlevi atokaye arusini. Ermes alimsema bila huruma. "Zungusha. Kioo si mtoto, hakibembelezwi kikalala. Zungusha, dada."

Ikaja ya tatu. Kaka yake hakuwa akiamuru tena. Alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi, akitazama kioo kinavyotanuka taratibu kwenye ncha ya bomba. Nives akaendelea, jasho likimchuruzika machoni, hadi alipoiingiza bilauri kwenye tanuru la kupozea.

Ijumaa Bi Argia alirudi. Ermes alizipanga zote sita mezani, akazichanganya. Bibi aliitambua ile mpya papo hapo.

"Hii mdomo wake mpana," alisema.

Nives akainamisha kichwa.

"Basi hii ni yangu. Nyingine zote zinanigonga pua."

Mchana ule walikula ugali wa manjano na ngisi, na tanuru bado likiwaka.

"Jumatatu uje saa kumi na mbili asubuhi," alisema Ermes. "Kwenye jiwe tutatafuta mtu."

"Wa kazi gani? Bega likipona utakaa wewe kwenye jiwe."

Ermes akamsogezea mkate. Bega lilipona nusu tu. Kufikia vuli Nives alikuwa akipuliza kila siku, naye Ermes, kwa mkono wake mzima, akimfungulia mlango wa tanuru.