Bonobo Si Mtoto wa Sokwe

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu mgeni wa biolojia kule Kombewa, karibu na ziwa. Siku moja nilichora ubaoni sokwe na bonobo, jamaa yake wa karibu lakini spishi tofauti. Sokwe nilimpa mabega mapana na kijiti cha kuvulia mchwa. Bonobo alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu na midomo ya rangi ya waridi, amesimama wima kuliko mwenzake. Mwalimu mkuu, mtu aliyetoka mbali na ziwa, akachungulia dirishani.

“Mwalimu, huyo mdogo ni mtoto wa huyo mkubwa. Futa.”

Sikufuta. Mama yangu aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni Dunga, na mteja yeyote aliyeziita watoto wa mbuta, samaki mkubwa wa ziwa hilo, alifukuzwa mikono mitupu. Damu yake ninayo. Jumatatu nilitoka kwake na omena mbichi, nikaingia moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu, nikampasua samaki mmoja tumbo kwa wembe. Mayai yakamwagika mezani.

“Bwana Mkuu, ni mtoto gani huyu anayebeba mimba?”

Aliifuta meza yake. Ubao wangu hakuugusa.