Maua ya Elisifa Yaliyomshinda Ng'ombe

Umewahi kumwona mtu akipiga magoti saa nzima mbele ya magugu, akiyapapasa mashina?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Elisifa amekunja khanga mbili chini ya magoti katika bustani ya nyumba ya wageni, juu kidogo ya Kwa Sadala, njia ya Machame. Anashika mche mmoja mmoja kwa vidole viwili, taratibu.

"Shina likiwa la mviringo, hilo gugu, litoke. Likiwa na pembe nne, na jani linakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, huyo ni mwanangu," anasema.

Ana miaka 58, na kumi na moja kati ya hiyo ameimaliza hapa. Maua yake ni ya zambarau, mabua membamba yanayofika kifuani. Hayafi baada ya msimu mmoja, na mbegu zake zikidondoka hujiotea popote, hata kwenye ufa wa ngazi.

Kazi ngumu ni kusubiri. Mabua lazima yakauke yakiwa yamesimama, mbegu zishuke zenyewe.

"Miezi miwili kila mwaka bustani yangu inafanana na nyumba ya marehemu asiye na watoto," anasema. "Wapita njia wananiuliza, 'Mama Aikande, tukuletee fyekeo?' Nawajibu, lipelekeni kwenu, nimeyaona mashamba yenu."

Februari mwaka huu alikuja meneja mpya, Filbert, kijana wa miaka 34 mwenye viatu vinavyong'aa. Akayatazama yale mabua makavu, akashika kiuno.

"Shikamoo mama. Hivi vijiti ni vya nini?"

"Marahaba. Ni maua, mwanangu."

"Mama, Pasaka wageni wakivikuta hivi, nang'oa vyote napanda ukoka. Na wewe utahamia kufua mashuka."

Elisifa akaitikia, "Sawa bosi," kama alivyozoea. "Lakini mimi na ile mashine ya kufulia hatuelewani," anasema. "Ikianza kutetemeka, mimi natetemeka zaidi."

Wiki hiyohiyo akaenda msibani. Jirani yake Winfrida, ambaye huruhusiwa kukata majani pembezoni mwa bustani kwa ajili ya ng'ombe wake wa zizini, akaona amsaidie mwenzake mwenye msiba. Akafyeka tuta lote la maua hadi chini, mabichi kwa makavu, mizigo mitatu. Akaiburuta hadi kwake.

"Ng'ombe akanusa, akanitazama, akageuza kichwa ukutani," anasimulia Winfrida. "Akaninunia siku mbili. Mimi niliyemlea!"

Alipojua alichokata, alikuja jioni na jani la isale. Kwa Wachaga, ukiletewa isale unasamehe, hata kama bado una hasira. Elisifa akalipokea.

"Nilisamehe Jumatatu kwa mkono," anasema. "Moyo ulifika Alhamisi."

Winfrida anaruka: "Alhamisi gani? Hadi Jumapili hukuniitikia salamu!"

"Nilikuwa natafuna."

Mvua za Machi zikaanza. Visiki vikachipua, na palipokuwa na bua moja yakatoka manne. Njia yote ambako mizigo iliburutwa, kuanzia bustanini hadi mlango wa zizi, ikajaa miche.

"Kumbe yalitaka kukatwa," Elisifa anakiri kwa sauti ndogo. "Miaka kumi na moja nilikuwa naogopa kisu."

Ijumaa Kuu tuta likawa zambarau tupu. Wageni wakaacha chai ipoe mezani, wakatoka kupiga picha na vipepeo.

Filbert naye alipigwa picha, mara sita. Jumatatu ya Pasaka akamfuata Elisifa bustanini, akiwa na kahawa mkononi.

"Mama, si nilikuambia yatatoka?"

"Uliniambia, bosi."

"Mashuka tuyasahau. Sema sasa, nikununulie nini? Glavu? Mbegu?"

Winfrida, aliyekuwa akikata majani kwa mbali na kwa adabu mpya, anasema Elisifa alifuta udongo kwenye vidole, kimoja kimoja, vyote kumi.

"Sitaki glavu," akasema. "Nataka upande wa mbele wote uwe wa maua haya, kuanzia getini hadi mapokezi, hatua sitini na mbili. Nilishapima. Nimeutaka tangu siku niliyoajiriwa, nikaona haya kusema."