Maganda ya Kahawa Horini mwa Shemeji

Wakati Vwawa ingali chini ya Mkoa wa Mbeya, usharika wetu wa kanisa ulikuwa na kikundi cha ng'ombe wa maziwa. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kuvumilia: aliyepewa mtamba alimlea, kisha ndama jike wa kwanza akampa mwenzake wa zamu inayofuata. Dada yangu mkubwa, mjane, kwenye zamu alikuwa anamfuata mdogo wa marehemu mumewe, shemeji yetu. Ng'ombe wa shemeji alikuwa amezaa mara moja, akazaa dume. Sasa alikuwa na mimba tena, na dada aliitazama mimba ile kama mtu anayetazama nyumba yake ikijengwa.

Ndipo bibi mifugo wa kata alipotukusanya uani kwa shemeji. Alitueleza kuwa ng'ombe anapocheua hutoa kinywani hewa iitwayo methani, nayo hupanda angani na kuongeza joto la dunia.

"Malori yanayonguruma kutwa pale Tunduma hayana kosa," shemeji akasema, "ila huyu wangu ndiye anayeharibu mvua?"

Watu wakacheka. Bibi mifugo naye akacheka. "Malori si kazi yangu, baba. Kazi yangu ni hori. Hewa ile ni chakula chako kinachopotea. Kingebaki tumboni, sehemu yake ingekuwa maziwa."

Hapo kicheko kikaisha. Akatuonyesha tawi la kaliandra, mti wa malisho, akatutafunisha majani yake, nayo yakatukausha ulimi kama ndizi mbichi. Ukakasi ule, alisema, unatokana na tanini, ambayo hupunguza hewa hiyo. Lakini yachanganywe na majani mengine, yawe sehemu ndogo tu ya mlo; yakizidi, ng'ombe atakataa kula.

Sisi tuliokulia kwenye kahawa tuna imani moja ambayo shule haijaitoa: dawa isiyouma ulimi si dawa, na inayouma zaidi huponya zaidi. Kaliandra tuliyopanda ilikuwa bado miche. Shemeji akatazama nyuma ya mashine yake ya kumenyea kahawa, akaona chungu ya maganda mabichi. Aliyatafuna, akayaona makali kuliko yale majani, akaridhika. Akajaza hori, na juu yake akanyunyiza pumba ili kumdanganya mnyama.

Dada alipopita kumsalimu ng'ombe, kama ilivyokuwa desturi yake, alimkuta amelala, shingo chini.

"Shemeji, huyu hacheui."

"Ndiyo dawa inafanya kazi. Si tuliambiwa hewa ipungue?"

"Asiyecheua hajala. Asiyekula analea nini tumboni?"

"Mwenye hori ni mimi."

"Na mwenye ndama ni mimi."

Akainama, akayazoa maganda yote kwa mikono yake na kuyatupa nje ya banda. Mwanamke mmoja akamwita kutoka ng'ambo ya ua: "Mama, umerithiwa na ng'ombe siku hizi?"

"Huyu angalau ana maziwa," dada akajibu, bila kuinua kichwa.

Shemeji alikuja kwangu kushtaki, kwa kuwa mimi nilikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kikundi. Alitaka nimkanye dada yangu kwa kumwaibisha nyumbani kwake. Nilimwambia kwamba mnyama aliye kwenye zamu hana mwenye mmoja, na kwamba bidii isiyokubali kipimo ni aina ya ulafi, hata ikifanywa kwa nia njema. Hakulipenda neno hilo. Sikulipunguza.

Bibi mifugo aliagiza maganda yakomeshwe, ng'ombe apewe nyasi kavu na maji mengi. Baada ya siku kadhaa akaanza kucheua, tukaisikia sauti ile ya taya kwa shukrani, pamoja na hewa yake. Dada alikata nyasi kila asubuhi hadi siku ya kuzaa.

Ndama alikuwa jike. Alikuwa mdogo mno, miguu ikimtetemeka. Alipoachishwa kunyonya, shemeji aliomba abaki kwake, anenepe kwanza. Dada angepewa atakayefuata. Ombi lilisikika kama huruma. Nililikataa, nikatangaza siku ya makabidhiano.

Katika kikundi chetu anayetoa mnyama humwekea mwenzake kamba mkononi mbele ya watu wote, na kabla ya kuiachia hutaja kasoro za mnyama, asije akashtakiwa baadaye kwa kuficha. Jumapili ile, baada ya ibada, shemeji alisimama ameshika kamba.

"Ana kasoro moja," akasema. "Ni mdogo. Na aliyemfanya mdogo ni mimi, si mama yake."

Dada akaipokea kamba. "Atakua, shemeji," akasema, akageuka kwenda nyumbani na ndama wake, taratibu, kwa mwendo ambao miguu ile ingeuweza.