Kanga Mweupe wa Guka

Upumbavu wangu wa kwanza kazini ndio pia ulionistaafisha: nilimtega kanga mweupe. Nilikuwa kidato cha pili, likizo ya Aprili, na mwajiri wangu alikuwa guka, baba wa mamangu, Mkurugenzi Mkuu wa kulinda mahindi yake hapa Mweiga.

Siku ya kwanza alinipa kamba akanifundisha tanzi, yaani kile kitanzi unachofukia mchangani mahali kanga wa porini hupita wakija kufukua mbegu.

"Wachana na ndege," aliniambia. "Soma njia yake."

Yeye alikalia mtungi uliopinduliwa, mimi nikakalia baridi. Kwa jicho la haraka kanga wote ni sawa: kijivu, madoa, kelele. Ukizoea, kila mmoja ana lake. Mmoja pembe yake ya kichwani ililala upande, nikamwita Antena. Mwingine alikuwa na kikwaru, ule mwiba wa mguuni, ambao kanga kwa kawaida hana.

"Guka, huyu mamake alitembea na jogoo ya jirani."

Guka alicheka hadi akakohoa. "Ati jogoo! Na wewe nyamaza, jirani asikuje kudai mtoto."

Halafu kulikuwa na mweupe, mweupe kabisa, hana hata doa. Huyo guka alimwona kabla yangu kila asubuhi. "Mweupe amefika," angesema, uso umefunguka. "Na Antena yuko?" Nilidhani ananitahini.

Sheria ya kazi ilikuwa moja: wenye maumbile ya ajabu hawaguswi. Mimi nikaona ni mambo ya wazee. Wenzangu darasani, niliowaandikia kwa simu, walikuwa wamekataa kuamini kuna kanga mweupe, na mimi nilitaka picha nikiwa nimembeba. Basi nikatega njia yake. Nilitaka kumpiga picha kisha nimwachilie, lakini alijirusha ndani ya tanzi mpaka shingo ikavunjika.

Nikampeleka jikoni, kwenye giza na moshi, guka akiota moto. Alimpapasa mbawa, mguu, kichwa.

"Ni yupi huyu?"

"Guka, si unaona?"

"Niambie rangi, kijana yangu."

Nikamwambia. Hakunigombeza. Afadhali angenichapa.

Kesho yake alikalia mtungi kama kawaida, uso ukielekea shambani. Kanga walikuwa pale pale, Antena mbele, wakifukua mahindi bila kelele karibu na viatu vyake.

"Leo hawajakuja," alisema.

Alingoja mpaka jua likawa kali, kisha akainuka, akaenda ndani akishika ukuta. Hajarudi shambani. Kazi bila mkubwa si kazi, nami nikastaafu siku hiyo hiyo, nikiwa na uzoefu wa likizo moja na aibu ya miaka mingi.

Jioni nilimweleza mama yote akimenya waru, viazi vyetu vya chakula cha usiku. Aliweka kisu chini, akagusa kitambaa cheupe alichofunga kichwani.

"Macho ya baba yangu imebaki kuona vitu nyeupe tu. Alikataa tuwaambie nyinyi watoto. Hii kitambaa nyeupe yangu, ulidhani mimi hufunga kila siku sababu ya kanisa?"